Historia ya wanawake siyo pambo la mwezi Machi

Najua kimya kilikuwa kirefu, wanafunzi wa ualimu mnaelewa wenyewe: bumu limechelewa, vimbweta vimejaa watu wanaodesa, na wahadhiri ndiyo kwanza wanakumbuka kutoa tesiti. Leo siandiki habari za hosteli. Kuna jambo limenikaa kooni tangu tuanze kusoma mitaala ya nchi za wenzetu. Kila ikitajwa Marekani na historia ya wanawake, jibu ni moja: "Hao wameshamaliza, wana mwezi mzima wa wanawake." Watu wanatikisa vichwa, tunahamia mada nyingine.

Mi nasema hapana. Kuwa na mwezi siyo kufundisha. Naomba mnivumilie nieleze taratibu, asije mtu akasema nina jazba.

Kwanza huo mwezi ulikotoka. Mwaka 1978, huko Sonoma, California, watu wa tume ya kushughulikia hali ya wanawake waliona shule zao hazina kitu kabisa juu ya mada hii. Wakaandaa wiki moja karibu na Machi 8. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter akaitangaza wiki hiyo kwa nchi nzima, na mwaka 1987 Bunge lao likaifanya Machi yote. Hao akina mama siwalaumu hata chembe, walifanya kazi kubwa. Walikuwa wanatafuta pa kuanzia. Kosa ni la shule zilizoamua kwamba pa kuanzia ndiyo pa kuishia: Machi picha zinabandikwa ukutani, Aprili zinabanduliwa, na kitabu kinaendelea na marais na majenerali kama kawaida.

Mnataka hesabu? Marekani haina muhtasari mmoja wa taifa kama huu wetu unaotoka Taasisi ya Elimu. Kila jimbo linaweka viwango vyake vya nini mtoto ajifunze. Mwaka 2017 taasisi ya National Women's History Museum ilitoa ripoti baada ya kupekua viwango vya majimbo yote. Walikuta watu 737 wametajwa kwa majina. Wanaume 559. Wanawake 178. Yaani mwanamke mmoja kwa kila wanaume watatu, na hapo Machi imesherehekewa miaka thelathini!

Lakini ugomvi wangu mkubwa hauko kwenye idadi. Hata wakiongeza majina wakalingana, bado nitalalamika, kwa sababu hao wachache wanaotajwa wanafundishwa nusunusu.

Chukueni Helen Keller. Mtoto wa Kimarekani anamjua kama kasichana kipofu na kiziwi aliyewekewa mkono kwenye maji ya pampu mwaka 1887, mwalimu wake Anne Sullivan akamwandikia neno "maji" kiganjani, akaelewa. Habari nzuri, inaliza. Ila huyu mtu aliishi mpaka 1968! Mwaka 1909 alijiunga na chama cha Kisoshalisti, akatetea wafanyakazi na kura ya wanawake, na mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ACLU, chama cha kutetea haki za raia. Somo linambakisha pale pampuni, na maisha yote ya mtu mzima mwenye msimamo yanafutwa. Kwa nini? Kwa sababu mtoto anayehurumiwa hamsumbui mtu. Mwanamke mwenye siasa anasumbua.

Rosa Parks ndiyo usiseme. Eti mshona nguo alikuwa amechoka miguu, akagoma kumpisha mzungu kwenye basi la Montgomery, Desemba 1, 1955, halafu akatokea Martin Luther King akaongoza. Sasa sikilizeni yaliyoachwa. Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP tangu 1943. Mwaka 1944 alitumwa kufuatilia kesi ya Recy Taylor, mwanamke Mweusi aliyebakwa na kundi la wanaume Weupe. Kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya siku ya basi, alihudhuria mafunzo ya wanaharakati kule Highlander, Tennessee. Huyo ni mtu wa kazi, siyo mtu wa uchovu.

Na hakuwa peke yake. Machi 1955 binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kugoma vilevile. Usiku ule Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State na kiongozi wa chama cha wanawake kilichokuwa kimeshamwonya meya tangu 1954, aliingia chuoni na wanafunzi wake wawili wakadurufu maelfu ya vipeperushi mpaka alfajiri. Wanafunzi wa chuo, jamani, kama sisi! Georgia Gilmore akakusanya wanawake wakapika na kuuza chakula ili kulipia magari ya kuwabeba waliosusa mabasi. Mgomo ukadumu siku 381. Na kesi iliyovunja ubaguzi wa mabasi hayo mwaka 1956, Browder dhidi ya Gayle, walalamikaji wake walikuwa wanawake wanne, mmojawapo Colvin.

Sasa we jiulize, msichana akifundishwa hadithi ya miguu kuchoka anajifunza nini? Kwamba mabadiliko hutokea kwa bahati, ukikaa kwenye kiti sahihi siku sahihi, halafu mwanaume anakuja kumalizia. Akifundishwa ya kweli anajua kwamba kuna vikao, kuna stensili, kuna sufuria, kuna miaka ya kujiandaa. Hayo masomo mawili hayalingani hata kidogo. Na mvulana aliye dawati la pembeni naye anapotoshwa vilevile.

Hata lugha inafanya uchawi wake. "Mwaka 1920 wanawake walipewa kura." Walipewa na nani? Mkutano wa Seneca Falls ulikuwa 1848, hesabuni wenyewe miaka 72. Mwaka 1917 wanawake walioandamana mbele ya Ikulu walifungwa jela, na Alice Paul alipogoma kula alilishwa kwa nguvu. Hiyo siyo kupewa. Tena ile "wanawake" yenyewe ni uongo nusu, maana Kusini wanawake Weusi wengi waliendelea kuzuiwa mpaka ilipokuja sheria ya 1965.

Utetezi wa kwanza ninaousikia: muda hautoshi. Hapo ndipo Texas ilipotuchekesha mwaka 2018. Bodi ya elimu ya jimbo ilitaka kupunguza viwango vya historia, ikapiga kura ya awali kumwondoa Helen Keller pamoja na Hillary Clinton. Makadirio yao yalikuwa kwamba kumtoa Keller kungeokoa dakika 40. Dakika arobaini! Watu wakapiga kelele, Novemba wakarudishwa. Muda wa shule ni mfupi, sikatai, ila angalieni nani anakatwa wa kwanza kisu kikishikwa.

Utetezi wa pili: hiyo ni siasa, siyo historia. Tangu 2021 majimbo kadhaa yamepitisha sheria za kubana namna walimu wanavyozungumzia rangi na jinsia darasani. Lakini kumfuta Robinson na vipeperushi vyake ni siasa pia, ila ni siasa ya kimyakimya. Mwalimu anayesimulia mgomo wa Montgomery bila wanawake anakosea historia, basi. Amekosa alama.

Na msidhani haya yanawahusu Wamarekani pekee. Mmarekani mmoja, Susan Geiger wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuja Dar es Salaam kumsikiliza Bibi Titi Mohamed na akina mama wengine wa TANU, na kitabu chake kikatoka 1997. Alionyesha kwamba wanawake wa vikundi vya ngoma, wengi bila shule ya kizungu, hawakuburuzwa na harakati, walizijenga. Montgomery na Dar, mwaka uleule 1955, wanawake wanafanya kazi ileile ya kukusanya watu. Geiger aliyaona kwa sababu aliuliza swali tofauti.

Ndiyo maana nawaambia walimu watarajiwa wenzangu, kaka na dada, kabla hamjabeba chaki kwenda mazoezi ya kufundisha: msiongeze jina moja la mwanamke mwishoni mwa andalio la somo mkadhani mmemaliza. Ulizeni nani aliitisha kikao, nani alichapa karatasi, nani alilisha watu, nani alikwenda mahakamani. Ulizeni Januari, ulizeni Septemba. Majina yatakuja yenyewe, tena mengi kuliko ubao utakavyoweza kubeba.

Nawasilisha.