Picha ya Sayansi Isomwe, Isitazamwe Tu

Katika maabara na madarasa mengi ya shule za sekondari hutundikwa picha za sayansi zenye rangi za kupendeza: mawingu ya gesi katika anga za mbali, chembe hai zilizokuzwa mara elfu nyingi, maziwa na milima kama ionekanavyo kutoka kwenye setilaiti. Picha hizo huamsha hamu ya elimu, na hilo ni jambo jema. Lakini hamu siyo elimu yenyewe. Mwanafunzi anayezistaajabia bila kujua zilivyotengenezwa hupata burudani ya macho tu. Na siku atakapoambiwa kwamba rangi zake si za asili, huenda akaamua kwamba wanasayansi walimdanganya. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: hakufundishwa kusoma picha.

Mfano ulio maarufu ni picha iitwayo Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa kwa darubini ya angani ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995 na wanaanga Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Huonyesha nguzo tatu za gesi na vumbi mahali ambapo nyota huzaliwa, mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri miaka ipatayo 6,500 kabla ya kufika duniani. Kamera za Hubble hazikupokea rangi hizo kama zilivyo. Zilipiga picha nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, kupitia vichujio vinavyopitisha mwanga wa aina moja tu: wa oksijeni, wa haidrojeni na wa salfa. Kisha oksijeni ikapewa rangi ya buluu, haidrojeni kijani, na salfa nyekundu. Picha zote zikaunganishwa kuwa moja.

Je, huo ni udanganyifu? Vipimo vyenyewe vinajibu. Mwanga huo wa haidrojeni una urefu wa wimbi wa nanomita 656, na ule wa salfa nanomita 672 hivi. Kwa jicho la binadamu yote miwili ni myekundu. Kama kila gesi ingeachiwa rangi yake, gesi hizo mbili zisingetofautishwa, na habari ambayo darubini ilitumwa kuitafuta ingefichika. Rangi hazikutupwa ovyo: wimbi fupi lilipewa buluu, la kati kijani, na refu kuliko yote nyekundu. Utaratibu ulifuatwa, na ulitangazwa.

Hata hivyo, si kila uamuzi katika picha ile ulitokana na vipimo. Angani hakuna juu wala chini; nguzo zinasimama wima kwa sababu picha iligeuzwa hivyo. Mwanahistoria wa sanaa Elizabeth Kessler, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameeleza jinsi picha za Hubble zinavyofanana na michoro ya milima na mabonde ya magharibi ya Marekani iliyochorwa katika karne ya 19 na wasanii kama Thomas Moran. Basi mtengenezaji wa picha ya sayansi ni mpimaji na pia ni msanii. Hapana aibu katika hilo, maadamu anaeleza alichokipima na alichokichagua.

Jambo hili halihusu nyota pekee. Tangu mwaka 1972, setilaiti za Landsat zimekuwa zikipima nuru inayoakisiwa na uso wa dunia, pamoja na mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni. Majani mabichi huuakisi mwanga huo kwa wingi, na katika aina moja ya picha inayotumika sana mwanga huo hupewa rangi nyekundu. Hivyo msitu unaouzunguka mlima Kilimanjaro hutokea mwekundu kabisa. Mwanafunzi asiyejua ufunguo wa rangi ataona moto mahali penye uoto uliostawi. Kesho atakuwa bwana shamba au mpimaji wa ardhi, na kosa la namna hiyo halitaishia darasani.

Walimu watasema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na mitihani haiulizi mambo hayo. Neno lao ni la haki, lakini kazi inayotakiwa ni ndogo. Mbele ya kila picha, mwanafunzi aulize maswali matatu: Ni chombo gani kilichopokea habari hizi, na kilipokea nini? Kila rangi inasimamia kitu gani? Ni nini kilichochaguliwa na mtengenezaji, na kwa sababu gani? Kisha wanafunzi wapewe takwimu za mvua za wilaya yao, wachore ramani mbili kwa penseli za rangi, kila moja kwa ufunguo wake, wazilinganishe. Watagundua wenyewe kwamba takwimu zile zile zaweza kutisha au kutuliza, kwa kutegemea rangi iliyochaguliwa.

Haja ya mafunzo haya imeongezeka, kwa kuwa siku hizi kompyuta huweza kutunga picha ya sayari isiyokuwepo, ikapendeza kuliko ya Hubble. Jicho peke yake haliwezi kuzitenga. Kinachozitenga ni maelezo: nyuma ya picha ya Hubble kuna chombo, tarehe, vichujio na vipimo ambavyo mtu mwingine aweza kuvichunguza, nyuma ya ile nyingine hamna kipimo chochote cha sayari hiyo.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Picha za sayansi ziendelee kupamba kuta za shule, lakini isitundikwe hata moja isiyo na ufunguo wake chini yake.