Mutoto wetu aliimba Basel, deni limebaki Goma



Siku ya posho, tarehe 17 mwezi wa tano 2025, saa tatu za usiku, tulikuwa vijana sita ndani ya nyumba moja ya Majengo, tumezunguka telefone moja. Tulichanga franka, tukanunua mega, tukafungua fainali ya Eurovision, yale mashindano makubwa ya nyimbo ya Ulaya. Sauti tuliiweka chini, sababu siku hizi usiku wa Goma haupendi kelele. Kule Basel, inchi ya Uswisi, ilikuwa pia saa tatu. Saa ni moja, lakini usiku si mumoja.

Hatukufungua fainali juu ya mapambo na taa za jukwaa. Tuliifungua juu ya kijana mumoja. Anaitwa Claude Kiambe, alizaliwa Congo mwaka 2003. Alikuwa na miaka 9 wakati alifika Uholanzi pamoja na mama yake na wandugu zake, na maisha kule walianzia kwenye kituo cha watu wanaoomba kimbilio. Usiku ule alisimama kwenye jukwaa kwa jina la Uholanzi, bendera ya Uholanzi kando ya jina lake. Wimbo wake, « C'est La Vie », ulitoka kwenye maneno ambayo mama yake alizoea kumuambia: maisha njo vile. Kuelekea mwisho kulitokea mutoto mudogo ndani ya kioo, sawa vile yeye mwenyewe zamani. Pale nyumba yote ikanyamaza. Kila mumoja wetu anajua mutoto kama ule. Wengine wetu njo sisi wenyewe.

Kisha zikaanza kura. Tangu mwaka 2023, mutu aliye kwenye inchi isiyoshiriki anaweza naye kupiga kura kwa intaneti, na kura za dunia yote iliyobaki zinahesabiwa pamoja kama za inchi moja tu. Tukasema: basi tumupigie mutoto wetu! Lakini unalipa na kadi ya banki, na banki nyingi za Goma zilikuwa zimefunga mulango tangu mwezi wa kwanza 2025, wakati muji ulianguka mukononi mwa M23. Tulicheka. Kicheko kilikuwa kichungu.

Tukabaki kuangalia wengine wakihesabu. Kila inchi inatoa pointi zake mbele ya watu wote. Hakuna inchi inaweza kujipa pointi yenyewe. Kura za waamuzi zinasomwa pembeni, za raia pembeni, na mwishoni kila mutu anaona namba imetoka wapi. Kijana mumoja kati yetu akasema: « Hawa wanahesabu wimbo vizuri kuliko sisi tunavyohesabu raisi. » Hakuna aliyemubishia.

Mushindi alikuwa JJ wa Austria, kijana mwenye sauti ya juu ya opera, na pointi 436. Claude alipata 175, akawa wa 12 kati ya inchi 26. Kwetu ilikuwa kama amebeba kombe. Vijana walipiga mikono polepole, kwa kuogopa majirani. Lakini mama mwenye nyumba, ambaye tulifikiri amesinzia, akauliza swali moja: « Na kama ule mutoto angebaki hapa, leo angekuwa wapi? »

Hatukujibu. Lakini wote tulifikiria jina moja.

Tarehe 13 mwezi wa pili 2025, hapa Goma, mwimbaji Delcat Idengo alipigwa risasi, akafa, wakati alikuwa anatengeneza video ya wimbo. Wiki chache mbele ya pale alikuwa ndani ya gereza la Munzenze, na alitoka wakati gereza lilivunjika, siku muji ulianguka. Nyimbo zake ziliwauma wakubwa wa serikali, ziliwauma pia wenye silaha. Unaweza kupenda nyimbo zake, unaweza kuzichukia. Mutu hauawi juu ya wimbo.

Miezi mitatu, waimbaji wawili wa Congo. Mumoja anaimba mbele ya mamilioni ya watu, bendera ya inchi ingine kando ya jina lake. Mwengine amelala chini ya udongo. Hatusemi hivi kwa kumulaumu Claude. Hakuna mutoto wa miaka 9 anayechagua kukimbia. Tunampongeza, na Uholanzi tunaishukuru kwa kumupa nafasi. Lakini tusijidanganye kwamba furaha ya usiku mumoja inafuta deni letu. Kipaji hakikuzaliwa kule kituoni. Kilizaliwa hapa. Kilichokosekana hapa ni amani, masomo, na mutu wa kukichunga.

Tukumbuke pia mashindano haya yalianza vipi. Mwaka 1956, kule Lugano, Uswisi hiyo hiyo, inchi 7 tu. Vita kubwa ilikuwa na miaka 11 tu tangu iishe, lakini Ujerumani na Ufaransa, zilizouana bila huruma, zilipanda jukwaa moja. Wimbo haukuleta amani peke yake. Silaha zilinyamaza kwanza. Lakini watu walichagua kujenga kitu ambacho watoto wao watakigombania bila kufa.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu.

Kwanza, tunataka ukweli juu ya kifo cha Idengo, kwa uchunguzi wa watu wasiotumwa na upande wowote. Familia yake iko na haki ya kujua.

Pili, wanaotawala Kinshasa na wanaoshika muji huu kwa bunduki, wote wasikie: mwimbaji si adui. Kama wimbo unawauma, jibuni kwa maneno, hapana kwa gereza wala kwa risasi.

Tatu, sisi wenyewe. Vijana wanaimba Ndosho, Katindo, Mabanga, na tunawaita wavivu. Tunangoja waende Ulaya njo tuseme « ni mutoto wetu ». Tuwasikilize leo. Tulipe ile franka ya mulango leo.

Mama wa Claude alimuambia mutoto wake: maisha njo vile. Mama aliyekimbia na watoto anaweza kusema vile, na ni hekima. Raia anayebaki hana ruhusa ya kusema vile. Maisha ya hapa hayako vile kwa amri ya Mungu. Kuna watu wameyafanya vile, na watu wanaweza kuyabadilisha.