MFICHA MARADHI NA WANAOMCHEKA

Wahenga walinena ya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo hutajwa sana matangani, pale inapojulikana kuwa marehemu aliugua kwa siri, na lawama yote humwangukia yeye. Ni mara chache watu huuliza ni nani aliyemfundisha kuficha. Kwa upande wa ulevi wa kupindukia na utumwa wa madawa ya kulevya, hali ambayo siku hizi huitwa uraibu, walimu wa kuficha ni wengi, na baadhi yao huishi nyumba moja na mgonjwa.

Afrika nzima ilimjua Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika ya Kusini aliyezaliwa mwaka 1964 huko Langa, mjini Cape Town. Wimbo wake "Vulindlela", uliotoka mwaka 1997, ulichezwa arusini hata na watu wasiojua neno moja la lugha yake. Lakini waliomshangilia kwa sauti yake walizisoma habari za kokeini yake kama vichekesho. Alikwenda kutibiwa mara nyingi. Alipata nafuu, akaanguka tena, na kila alipoanguka alichekwa upya. Mwishoni mwa Aprili 2004 alizimia nyumbani kwake. Watu waliambiwa kwanza kuwa moyo wake ulisimama, kisha wakaambiwa kuwa ni pumu. Alifariki tarehe 9 Mei akiwa na umri wa miaka 39, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha ya kuwa usiku ule wa kuanguka alikuwa amezidisha kokeini. Mwenyewe katika uhai wake hakuwa mtu wa kuficha mambo. Hata hivyo, habari ya kweli ilichelewa kutoka, kana kwamba pumu ni ugonjwa wa heshima na uraibu ni aibu ya ukoo.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu wa namna hiyo hana haya wala nia. Yafaa ieleweke jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi. Pombe na madawa huufanya ubongo utoe kwa wingi kemikali zinazoleta raha. Ubongo ukizoea mafuriko hayo, hupunguza nguvu ya kuyaitikia, na mtu hulazimika kuongeza kipimo ili apate raha ile ile ya awali. Baadaye hata raha huondoka. Hunywa ili mikono isitetemeke na usingizi upatikane. Wakati huo huo, sehemu ya ubongo inayopima mema na mabaya huwa imedhoofika. Karibu nusu ya hatari ya kupatwa na hali hiyo hutokana na urithi, na ndiyo maana watu wawili huanza kunywa siku moja, mmoja akaacha apendavyo na mwenziwe asiweze. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitangaza tangu mwaka 1956 ya kuwa ulevi wa namna hiyo ni ugonjwa.

Kusema hivyo si kumwondolea mtu wajibu. Tony Adams, nahodha wa timu ya Arsenal ya Uingereza, alifungwa jela mwaka 1990 kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na alistahili, kwa maana gari la mlevi haliulizi ni nani aliye mbele. Sheria ilimwadhibu kwa kosa lake, lakini kifungo hakikumponya. Alitoka akaendelea kunywa kwa miaka mingine. Mwaka 1996 alisimama mbele ya wachezaji wenzake akakiri ya kuwa pombe imemshinda. Hakuvuliwa unahodha. Aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa mwaka 1998, na tena mwaka 2002, na mwaka 2000 alianzisha kituo cha kuwatibu wanamichezo wenye shida kama yake. Hakuna awezaye kusema ya kuwa angalimpata Fassie mtu wa kumwambia neno jema angalipona. Linalojulikana ni kwamba Adams alipokiri, alikuta wenzake wako tayari kumsikiliza.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia kambini. Jioni, baba wa nyumba amekaa na gazeti. Anasoma habari ya mchezaji mashuhuri aliyeokotwa barabarani amelewa, naye anacheka, "Fedha zote zile, lakini mtu hana akili!" Mchezaji huyo yuko mbali na hatakisikia kicheko hicho kamwe. Wanaokisikia ni wale waliomo chumbani: mtoto wa kiume ambaye ameanza kuvuta bangi nyuma ya uwanja wa gwaride, au mke anayeonja waragi mchana ili siku ipite. Kila mmoja wao hujifunza ya kuwa akikiri, hivyo ndivyo atakavyosemwa. Koplo anayesikia mzaha kama huo kantini naye hujifunza hilo hilo, na siku atakapohitaji kumwendea tabibu, atakwenda dukani kununua peremende za kuficha harufu.

Mke wa askari huyo naye mara nyingi husaidia kuficha. Hupeleka habari kazini ya kuwa mzee ana malaria. Hukopa kwa jirani kulipia deni la pombe. Hufanya hivyo kwa upendo na kwa kuhofia mshahara, lakini maradhi hupata nafasi ya kukomaa. Yafaa aseme naye asubuhi, akiwa hajalewa, kwa sauti ya chini na mbali na watoto, akimtajia mambo aliyoyaona kwa macho yake bila kumtukana. Deni la pombe asililipe. Ikiwa mumewe hulala na silaha nyumbani, asingoje siku ya mazungumzo: amwarifu mkubwa wake mapema ili silaha irudi ghalani, kwa sababu hasira ya ulevi na risasi havikai chumba kimoja.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asifungiwe ndani ili aache kwa ghafula. Katika siku chache za mwanzo anaweza kupatwa na degedege, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kufa. Apelekwe kwa daktari, ambaye ana dawa za kumvusha siku hizo salama. Baada ya hapo ndipo yafuatapo mashauri, kikundi cha wenzake walioacha, na kazi ya kumshughulisha. Akianguka tena, na arudishwe kwenye matibabu kama arudishwavyo mgonjwa wa kifua kikuu.

Mashuhuri wataendelea kuanguka na magazeti yataendelea kuandika. Baba asomapo habari hizo mbele ya jamaa yake anaweza kusema, "Maskini, huyu ni mgonjwa, na apate wa kumtibu." Maneno hayo hayatamfikia mwimbaji wala mchezaji, lakini yule aliyeketi pembeni, mwenye chupa chini ya kitanda, atakuwa ameyasikia.