Tukate Bugenvile, Tusiing'oe



Tangu masomo ifunguliwe mwezi huu wa Septemba, maneno ni paka ya lupango yetu. Munajua ile bugenvile ya kando ya barabara: imepanda kupita dari, miiba yake inapasua mashati, na huku chini iko wazi kabisa. Mbuzi wanapita, na usiku watu nao wanapita. Wengi wanasema: «Tung'oe yote, wazazi watoe franka, tujenge kibambazi.» Mimi nasema hapana.

Kwanza tujiulize nani aliiharibu. Ni sisi. Mwanafunzi akichelewa, anapewa mupanga kama azabu. Anakata nini? Paka vichwa, apate kumaliza mbio arudi nyumbani. Na muti unaokatwa juu juu unaota matawi mapya palepale juu. Yanaziba jua, na majani ya chini yanakufa. Mwaka kwa mwaka lupango imegeuka mwavuli. Muti hauna kosa. Azabu yetu njo iliufundisha vile.

Pili, kibambazi si bure. Matofali yetu ya Lubumbashi yanafinyangwa mara nyingi kwa udongo wa vichuguu, na kuyachoma kunataka kuni. Musitu wa miombo umekwisha kurudi mbali na mji kwa sababu ya makala. Tutaangusha miti ingine ili tupate kung'oa hii?

Tatu, bugenvile ni muti mgumu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Commerson aliuona Brazil katika safari ya merikebu ya 1766 mpaka 1769, akaupa jina la mkubwa wao, Bougainville. Nguvu yake iko mu mizizi na mu shina, na maua yake yanatoka ku matawi mapya. Kwa hiyo hata ukiukata mpaka urefu wa goti, utachipuka. Sisemi miti yote iko vile: sipresi ukiikata mpaka pasipo na majani, haioti tena.

Wakati wa kukata ni sasa, mwisho wa ukavu, mbele ya mvua ya kwanza. Mu Juni na Julai ni baridi, mayi hakuna, na muti uko mu maua. Tutoe kwanza kuni zote kavu mpaka chini kabisa. Kisha matawi mazima tuyakate kwa msumeno, maana mupanga unapasua shina. Tuache urefu wa goti, tukate mshazari, juu kidogo ya jicho. Tuweke mboleo iliyooza na ndoo za mayi mpaka mvua ishike. Machipuko yakifika urefu wa mkono, tukate ncha zake, yagawanyike hapo chini. Tukisahau kazi hii, mwavuli utarudi. Vipande vigumu tuvipande mu mianya mvua ikianza. Na mtu asiende pale na kandambili: viatu vya kufunga, na glavu.

Wengine watauliza: «Mukikata, wezi hawataingia?» Swali ni la haki. Njo maana tukate nusu mwaka huu, upande wa kiwanja cha mpira, na upande wa barabara mwaka ujao. Matawi ya miiba tuliyoyakata tuyalaze palepale mbele ya visiki. Yatalinda mpaka mapya yaote.

Kwa miezi miwili ao mitatu tutaona visiki tu, na wapitao watatucheka. Tuwaache wacheke.

Bwana Prefe, ombi langu ni moja: ondoa bugenvile mu azabu. Mtu anayekata kwa hasira hatazami jicho la muti. Kila kilasi kipewe metre zake, kizikate na kuzilinda mwaka mzima, na mwisho wa mwaka tutazame nani aliangalia yake vizuri. Mimi ni wa kilasi cha mwisho. Ile nusu ya pili sitaiona. Hata hivi, nipeni metre kumi za kwanza.

Mwanafunzi wa kilasi cha mwisho