Plasta ya Saruji Inaziua Nyumba Zetu

Simama sokoni Misikhu, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, uulize namna ya kuiokoa nyumba ya udongo aliyoiacha babu. Jibu utapewa kabla hujamaliza swali: ipige plasta ya saruji. Mwenye uwezo zaidi huambiwa abomoe aanze upya. Imani hii imeenea Bungoma hadi Trans Nzoia, na inaangusha nyumba ambazo mvua ilishindwa kuzitikisa.

Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikinyesha unalowa, jua likiwaka unakauka. Ukiuvika saruji, umeuziba pumzi. Udongo hutanuka na kunywea kwa unyevu, saruji haiufuati, kwa hiyo plasta hupata nyufa nyembamba. Maji huingia humo na hayapati pa kutokea. Nyuma ya plasta udongo unalainika, fito zinaoza, mchwa wanaingia. Mwenye nyumba haoni kitu kwa sababu uso bado unapendeza, mpaka siku bamba zima linapobanduka na kipande cha ukuta. Hapo jirani husema: si nilikwambia udongo haudumu?

Udongo unadumu ukitunzwa. Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali ulijengwa upya mwaka 1907 kwa udongo uliokaushwa juani, na watu wanasali humo hadi leo, kwa sababu wenyeji hutoka kila mwaka wakaukandika upya, wazee kwa watoto. Babukusu wa Bungoma nao walizungushia vijiji vyao kuta za udongo na mahandaki. Huko Chetambe, juu ya Webuye, ndiko walikowakabili Waingereza mwaka 1895. Hata pwani, kwenye majumba ya mawe ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, adui ni huyu huyu: ukuta uliojengwa kwa chokaa hudhurika ukifunikwa saruji.

Ujuzi wa kuutunza udongo tunao, na walioubeba miaka yote ni akina mama. Mama anayekandika vizuri anajua udongo wa kichuguu unahitaji mchanga kiasi gani, kinyesi cha ng'ombe kiwe kibichi namna gani, na tabaka la kwanza likauke kiasi gani kabla ya la pili. Hana cheti, na mara nyingi halipwi, basi kazi yake tunaihesabu pamoja na kufagia uwanja. Kijana aliyejifunza kuchanganya saruji ndiye tunayemwita fundi. Dharau hii inaniuma kuliko hata nyumba zinazoanguka, kwa sababu mama huyo akifa bila kumfundisha mtu, hakuna duka la kununua alichokijua.

Najua watakaosema nyumba ya matope ni alama ya umaskini. Umaskini ni paa linalovuja na sakafu yenye unyevu, na hayo yamo pia katika nyumba nyingi za mawe. Sikatai kwamba udongo unadai kazi kila mwaka. Saruji nayo inadai pesa, na ikiharibika juu ya udongo hairekebishiki bila kuvunja.

Vyuo vya ufundi tunavyo karibu, Matili na Sang'alo. Ukandikaji na kazi ya chokaa vifundishwe humo, akina mama waajiriwe kuwa walimu, na wenye nyumba wakaribishwe kwa mafunzo mafupi, maana anayelala ndani ndiye huuona ufa kwanza. Jumba la Makumbusho la Kitale lingefaa kabisa kwa mafunzo hayo.

Nawe msomaji, kabla ya kununua mfuko wa saruji, ziba paa linapovuja. Ondoa udongo uliorundikana kwenye msingi, uchimbe mfereji wa kuyapeleka maji mbali na ukuta. Kisha mtafute mama anayejua kukandika, umlipe ujira wa fundi, na umpeleke mwanao akajifunze kwake kabla mvua za Machi hazijaanza.