Mnachoiambia mashine ni mali ya timu, si siri ya mtu mmoja

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita mnaotufuata kwa simu, leo siongelei bei ya unga wala barabara. Naongelea kompyuta. Msiache kusoma. Jambo hili linagusa jina lako kwenye orodha, na jina likikosekana kwenye orodha mnajua kinachofuata: hakuna turubai, hakuna unga, hakuna mbegu.

Siku hizi vijana wanaotengeneza programu hawaandiki peke yao. Wanasaidiwa na akili bandia. Kijana anaieleza mashine anachotaka kwa maneno ya kawaida, nayo inamwandikia msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta inafuata. Kazi iliyochukua siku nyingi inaweza kuisha kwa saa chache. Hilo silipingi. Ninachopinga ni jinsi timu nyingi zinavyomtumia msaidizi huyo: kila mtu na wake, kila mtu na mazungumzo yake, na wenzake hawajui ameambiwa nini.

Tuelewane kwanza. Ukifungua mazungumzo mapya, kwa kawaida msaidizi huyu anaanza kama mgeni aliyeshuka kwenye lori sasa hivi. Anajua mengi ya dunia, lakini ya Pweto hayajui mpaka aambiwe. Yale unayomwambia ili afanye kazi vizuri, watu wa kompyuta wanayaita muktadha. Na ukimwambia wa kwako, wa mwenzako hajasikia kitu.

Chukueni mfano wa timu ya watu watatu wanaotengeneza programu ya kuandikisha familia: mmoja yuko Lubumbashi, mmoja Pweto, mmoja Kilwa.

Wa Pweto anajua habari ya mapacha. Kwa Waluba, mapacha ni Kyungu na Kabange: mama mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Amemwambia msaidizi wake asiwachanganye, naye ameelewa. Wa Lubumbashi hajui kwamba hilo limesemwa. Anamwomba wa kwake aondoe watu walioandikwa mara mbili. Mashine inaona mama yule yule, kijiji kile kile, tarehe ile ile, inaamua kwamba huyu ni mtu mmoja. Inamfuta Kabange. Hakuna aliyeiba, hakuna mwenye nia mbaya. Mtoto amepotea kwa sababu watu wa timu moja hawakuambiana.

Si mapacha tu. Wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, na mwandikishaji anaweka tarehe 1 Januari. Asiyejua hilo ataona wazee kumi wa kijiji kimoja wenye tarehe moja na kudhani ni udanganyifu. Tena kuna Kilwa yetu ya kando ya ziwa Moero, na kuna Kilwa ya pwani ya Tanzania, ambayo dunia inaifahamu zaidi kwa sababu ya magofu yake. Mashine isipoambiwa, inaweza kuiweka familia ya Moero kando ya Bahari ya Hindi. Na simu je? Programu inayokubali namba za +243 peke yake itamkataa mama aliyekimbilia Zambia mwaka 2017, akakaa Mantapala, akarudi na laini ya +260.

Mambo haya yote kuna mtu katika timu anayeyajua. Lakini yamebaki ndani ya mazungumzo yake na mashine, kwenye akaunti yake. Siku akipata kazi Kolwezi, anaondoka nayo.

Wengine watasema: msimbo si upo? Wenzake wausome. Ndiyo, msimbo upo. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 kwa ajili ya kukusanya habari za vurugu baada ya uchaguzi, iliweka msimbo wake wazi, na watu wa nchi nyingine wakaichukua wakaitumia. Ni jambo jema. Lakini msimbo unaonyesha kilichofanyika, mara nyingi hauonyeshi sababu. Mstari unaosema usifute watu wa tarehe moja unaonekana kama kosa kwa asiyejua Kyungu na Kabange. Atausahihisha. Au mashine yake itausahihisha, bila hata kumuuliza.

Dawa ipo na haina gharama. Ni faili moja ya maandishi ya kawaida, iliyowekwa ndani ya foldari ya mradi, pamoja na msimbo. Wasaidizi wengi wa leo wanaisoma wenyewe kabla ya kuanza kazi: Claude Code inasoma faili inayoitwa CLAUDE.md, na vyombo vingine vingi vinasoma AGENTS.md. Humo timu inaandika: Kilwa ni ipi, mapacha ni nini, 1 Januari maana yake nini, namba zipi za simu zinakubaliwa, tulijaribu nini kikashindikana na kwa nini. Kila anayegundua jambo jipya anaongeza, wenzake wanakagua kama wanavyokagua msimbo. Basi msaidizi wa Lubumbashi, wa Pweto na wa Kilwa wote wanaanza kazi wakijua mambo yale yale.

Kwenye redio tunalijua hili tangu zamani. Mtangazaji wa asubuhi anamwachia wa jioni daftari: habari gani imethibitishwa, ipi bado, nani asitajwe jina. Muuguzi wa usiku naye anamwachia wa mchana. Hakuna anayesema daftari la zamu ni lake binafsi. Kwa nini mtengeneza programu awe tofauti?

Nasikia jibu: kuandika kunapoteza muda. Hapana. Kinachopoteza muda ni watu watatu kumweleza msaidizi jambo lile lile kila asubuhi, tena kwa mega ambazo hapa kwetu hatuzipati kwa urahisi. Faili ya kurasa mbili ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Mtandao ukikatika, inasafiri kwa ufunguo wa USB ndani ya mfuko wa shati.

Jibu la pili halisemwi kwa sauti, lakini lipo: anayejua peke yake hafukuzwi. Ndugu yangu, nakuelewa, kazi ni ngumu kupata. Lakini usijenge usalama wa mkate wako juu ya jina la mtoto wa mwingine.

Sasa wako na wanaokosea upande wa pili. Hao wanashirikiana kila kitu: wananakili mazungumzo yote na mashine, pamoja na orodha ya majina waliyobandika humo ili mashine ione mfano, na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp. Hao ni hatari zaidi. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandao wameingia kwenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa vita. Kama shirika kubwa vile limepigwa, kundi la WhatsApp ni ukuta gani? Sisi wa Pweto tunajua maana ya orodha kufika kwa mwenye silaha. Na sheria ipo: Kodi ya Kidijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

Kwa hiyo mpaka uwe wazi. Kanuni zishirikishwe, majina yabaki yalipo. Mashine haihitaji kumjua Kabange wako ili ielewe habari ya mapacha. Mfano wa kubuni unatosha.

Nawageukia ninyi mlioandikishwa. Mmechoka na timu zinazokuja na tableti, kila moja na maswali yale yale: umetoka wapi, watoto wangapi, baba yuko wapi. Mnarudia kilio chenu kwa sababu wao hawaambiani. Msikubali programu mpya iendeleze ugonjwa huo. Kamati yenu iulize maswali matatu kabla ya kutoa jina hata moja. Mnayoyajua juu ya watu wetu yameandikwa wapi, na je, timu nzima inayasoma? Huyu kijana akiondoka kesho, atakayekuja ataanzia wapi? Na majina yetu, je, mnayabandika ndani ya mashine?

Wakijibu vizuri, wapokeeni na mwafanyie kazi nyepesi. Wakijikwaa kwenye la kwanza, waambieni warudi wakakae pamoja kwanza. Wakijikwaa kwenye la tatu, fungeni mlango na mtupigie simu redioni.