Bosi Hanunui Tokeni: Ukitaka Aokoe Stima Kazini, Mpelekee Hesabu

Nyumbani kila mtu ni mkali wa stima. Mita ikianza kulia, unatoa simu, unalipa shilingi 200, na kabla hujamaliza kuingiza zile namba 20 umeshauliza ni nani aliyeacha taa ya choo ikiwaka. Asubuhi mtu huyohuyo anafika kazini, anawasha kila kitu, na jioni anajiendea zake huku kompyuta bado ziko on.

Hatucheki mtu, sisi pia tuko hivyo. Na hatuamini ni uzembe. Nyumbani unaiona pesa ikitoka kwa simu yako. Kazini bili inaenda kwa mhasibu, na wengi wetu hatujawahi kuiiona hata mara moja.

Kuna wakati tuliamua kumwandikia mkubwa wetu. Barua pepe ilikuwa tamu kweli: tabianchi, sayari yetu, kizazi kijacho. Tukabandika hata vikaratasi kando ya swichi. Jibu likaja: "Wazo zuri, tutaliangalia." Ukiwa umeajiriwa Kenya, unajua hiyo maana yake nini.

Kosa lilikuwa letu. Mkubwa ana mishahara, kodi ya ofisi na mauzo kichwani. Tulimpa hotuba badala ya kumpa namba. Ndiyo maana leo maoni yetu ni haya: ukitaka uongozi ukuunge mkono, nenda na hesabu, kisha omba jambo moja tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua taa 25 za wati 20 zinazoachwa zikiwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni uniti 6 kwa usiku mmoja, na uniti 180 kwa siku 30. Tukiweka mfano wa shilingi 25 kwa uniti, ni shilingi 4,500 kwa mwezi, au 54,000 kwa mwaka. Na hapo hakuna mtu aliyefanya kazi hata dakika moja. Badilisha bei iwe ile mnayolipa ninyi, kisha ongeza AC na dispensa ya maji inayochemsha wikendi nzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bahati nzuri, ukilipa kwa simu daftari unalo tayari. Kama biashara yenu inatumia tokeni, fungua jumbe za miezi sita iliyopita. Usiangalie shilingi peke yake, kwa sababu sehemu ya pesa huenda kwa kodi na makato mengine. Angalia uniti. Kama mnalipa bili mwisho wa mwezi, mwombe mhasibu nakala. Ziandike kwa ukurasa mmoja, si slaidi 20.

Kama mko kwa kiwanda, hoteli au jengo kubwa, mkumbushe pia kuhusu sheria. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilizitaka sehemu zinazotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka zifanye ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na zitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopatikana kwa ukaguzi huo. Hilo haliwezi kuachiwa mtu wa usafi.

Sasa lile jambo moja la kuomba: mwezi mmoja wa majaribio, na bosi awe wa kwanza. Wengine watasema hiyo ni kazi ya mlinzi, apite akizima. Hatukubali. Mlinzi hawezi kuzima AC ya mkurugenzi. Wafanyakazi wakiona ya mkubwa inanguruma na madirisha yako wazi, hakuna kikaratasi kitakachowagusa. Lakini siku watakapomwona akirudi kutoka mlangoni kuzima taa yake mwenyewe, habari itafika kila dawati kabla ya chai.

Mwisho wa mwezi, bandikeni uniti za zamani na za sasa mahali kila mtu anaona. Na mwombeni sehemu ya akiba irudi kwa wafanyakazi, hata kama ni mandazi ya Ijumaa. Mtu hulinda kile anachokionja.

Hili si jambo dogo. Gharama zikipanda, tunajua kinachokatwa kwanza: chai ya saa nne, overtime, halafu vibarua. Ni uchungu mwenzako kuambiwa asirudi Jumatatu, na taa zinawaka usiku kucha bila mtu.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujatoka, hesabu taa zinazobaki zikiwaka. Hapo ndipo ukurasa wako unaanzia.